Sikio la Dume la Nalangu

Lukresia Tluway, fundi wa mabango wa Karatu, hakuwa mtu wa kupendwa upesi. Mwenyewe alilijua hilo na halikumnyima usingizi. Kuanzia maduka ya barabara kuu mpaka kule kwenye nyumba za wageni, mkono wake ulikuwa ukutani: herufi nyekundu za duka la dawa, kichwa cha mwanamke aliyesukwa pale saluni, paja la mbuzi kwenye bucha. Watu walimletea kazi kwa sababu ya mkono huo, mdomo wakauvumilia. Mwenye hoteli mmoja aliwahi kumtaka amchoree Mmaasai anayeruka juu na mkuki mkononi, simba amelala miguuni pake. Lukresia akachora miguu, kisha akamuuliza amemwona wapi mtu wa namna hiyo. Yule akajibu kwamba watalii wanapenda hivyo. "Basi watalii waje wachore wenyewe," akasema, akafunga makopo yake ya rangi akaondoka. Ukuta ule ulikaa mwaka mzima na miguu miwili isiyo na mwenyewe.

Ufundi aliupata kwa mzee mmoja wa Mto wa Mbu aliyekuwa akipamba mabodi ya malori. Hiyo ilikuwa baada ya mumewe kwenda Babati kununua ng'ombe na kuoa hukohuko. Hakumlilia hadharani. Alijifunza kuchanganya rangi, akanyoosha mgongo, na tangu hapo hakumwomba mtu kitu. Alichowazidi nacho mafundi wengine ni jicho. Siku za mnada alikwenda kuegemea uzio na kutazama mifugo, hanunui wala hauzi. Wengine walichora ng'ombe. Lukresia alichora ng'ombe fulani, mwenye nundu iliyolalia upande na kovu lake la mwiba.

Jicho hilo ndilo lililomletea Daktari Adrian.

Adrian alikuwa Mwiraqw kama yeye, mzaliwa wa upande wa Mbulu, aliyesoma mpaka ng'ambo akarudi na mradi ulioitwa Ng'ombe wa Kesho. Alifika kwenye kibanda cha Lukresia nyuma ya stendi akiwa na viatu vilivyong'aa, jambo ambalo katika vumbi jekundu la Karatu lilimtia Lukresia hasira kabla hata hawajasalimiana.

"Dada Lukresia, nataka picha kubwa za kitambaa," alisema. "Tutazunguka nazo kwenye mikutano, hapa Karatu na kule kwa wafugaji. Tunataka watu waelewe uhandisi jeni kabla hawajauogopa."

"Na wakiuelewa, halafu ndiyo wakauogopa?"

Adrian akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Akaanza kueleza. Alisema ndani ya mwili wa kila kiumbe kuna maandishi marefu aliyorithi kwa wazazi wake, na jeni ni kama neno katika maandishi hayo. Wapo ng'ombe wachache ambao ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ikiwapata hawafi, kwa sababu wana neno ambalo wenzao hawana. Wataalamu wakilipata neno hilo wanaweza kuliandika ndani ya ng'ombe wengine, tangu wakiwa mimba changa.

"Na ninyi mmepewa kalamu na nani?"

"Baba yangu alikuwa na ndama kumi na wawili," Adrian akajibu taratibu. "Msimu mmoja tu wa mvua, ndigana ikambakizia mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaburuta kwenda kuwafukia. Unadhani nilisoma yote yale kwa ajili ya nini?"

Lukresia akaomba aoneshwe picha za ng'ombe. Adrian akampa simu. Lukresia akapitisha picha moja baada ya nyingine, zote akizikunjia uso, mpaka akafika kwa dume mmoja wa rangi ya kahawa iliyokolea, rangi ambayo Wamaasai huiita mugie. Alisimama kando ya josho, kichwa juu, kama mtu anayesikiliza matusi asiyokusudia kuyajibu.

"Huyu," akasema. "Ni wa wapi?"

"Wa Arash, kwa Wamaasai. Nilimpiga picha siku ya chanjo."

Hakuuliza zaidi ya hapo. Alimchora dume yule kwenye turubai jeupe, mkubwa kuliko alivyo, ubavu mmoja ukiwa wazi kama nyumba iliyoondolewa ukuta. Ndani ya ubavu, mahali pa utumbo na maini, alichora ngazi ndefu iliyosokotwa kama kamba, vipandio vyake vikiwa shanga za rangi. Kipandio kimoja kilikuwa na shanga ya rangi isiyofanana na nyingine. Kwato alizichora kama zilivyokuwa, na mkia, na sikio la kushoto pamoja na mikato yake: mmoja wa ncha, mwingine wa kuzunguka chini kama mwezi mchanga. Alipomaliza alirudi nyuma akatazama. Mara chache aliridhika na kazi yake, na siku ile aliridhika.

Mkutano wa Karatu ulifanyika kwenye ukumbi wa kukodi, na uliharibika mapema. Wakulima wa vitunguu na mahindi walikuja wamejaa maneno. Mmoja alisimama akauliza kama huo ndio mlango wa kuletewa mbegu zisizozaa, ili kila msimu warudi dukani. Adrian akajibu kwamba mada ni ng'ombe, si mahindi. Yule akasema mwizi huanza na kuku. Mwalimu wa dini akasimama na kuuliza, kama Mungu aliandika, wao nani wa kusahihisha? Mzee mmoja akamjibu mwalimu kwamba mwaka jana yeye mwalimu aliwapeleka ndama wake chanjo, na hiyo ilikuwa kusahihisha nini? Wakaanza kugombana wao kwa wao, Adrian akinyoosha mikono katikati kama mtu anayeamulia mbuzi.

Kisha akasimama Bernadina, mke wa marehemu kaka yake Lukresia. Hakumtazama Adrian. Alilinyooshea kidole turubai.

"Wifi, mnyama huyu ana mdudu tumboni. Umeanza kumchorea shetani?"

"Ni ngazi, Bernadina. Na shetani hajawahi kunipa kazi. Kama yupo, labda amekwenda kwa mafundi wa bei rahisi."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kikali. Juma lile mwenye duka la pembejeo alifuta kwa chokaa herufi alizochorewa na Lukresia, akasema hataki mkono wa GMO kwenye ukuta wake. Kwenye foleni ya bomba wanawake waliacha nafasi mbele yake na nyuma yake. Lukresia akaweka ndoo zake kwenye nafasi zote mbili.

Safari ya Arash aliing'ang'ania mwenyewe. Adrian alitaka abaki, lakini alimwambia kwamba turubai lake haliendi mahali bila yeye, litakunjwa vibaya. Walivuka geti la hifadhi, wakapanda ndani ya ukungu wa ukingo wa kreta, wakateremka upande wa pili kwenye jua na vumbi. Gari liligonga mawe mpaka Adrian akaacha kuzungumza. Walipofika Arash, watu walishakusanyika karibu na josho. Turubai likafungwa kwenye ukuta wa josho, upande wa kivuli.

Mkalimani alikuwa Supeet, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye adabu nyingi. Adrian akaanza kusema, Supeet akageuza kwa Kimaa, na mwanzoni watu walisikiliza vizuri, kwa kuwa ugonjwa wenyewe, oltikana kwa lugha yao, hakuna boma ambalo haukuingia. Halafu Lukresia akaona jambo. Wanawake waliokaa mbele walikuwa wanatazama sehemu moja ya picha, na hawakutazama ngazi. Mmoja akamnong'oneza mwenzake. Mnong'ono ukaenda mpaka kwa wanaume waliosimama nyuma wameegemea fimbo. Supeet akakatisha sentensi katikati.

"Kuna nini?" Adrian akauliza.

Mwanaume mmoja mrefu akajitokeza mbele. Alikuwa Mepukori, mtu mzito wa pale, mwenye sauti isiyohitaji kupandishwa. Alisema maneno machache, akaligusa sikio la dume kwenye turubai kwa ncha ya fimbo.

"Anasema alama hii ya sikio ni ya boma la marehemu ndugu yake," Supeet akatafsiri, akitazama chini. "Na huyu dume ni wa shemeji yake, Nalangu. Kila mtu hapa anamjua."

Nalangu alikuwa palepale, mama wa makamo, shuka la bluu, uso mkavu. Mepukori ndiye aliyesema, na sasa alisema Kiswahili ili hata wageni wapate haki yao.

"Misimu miwili oltikana imetumaliza. Ndama wangu walikufa. Wa jirani walikufa. Wa Nalangu hawakufa. Tukasema ni baraka ya Enkai, Mungu wetu. Kumbe dume lake limefunguliwa ubavu na hawa madaktari! Limewekwa kitu! Na sisi mitamba wetu wamepandwa na huyohuyo dume. Shemeji yangu ameuza damu ya ukoo wetu kwa siri!"

Kelele zilipanda. Mwanamke aliyekuwa amekaa bega kwa bega na Nalangu aliinuka, akakung'uta shuka lake kama mtu aliyekalia siafu, akaenda kukaa mbali. Mwingine akamfuata. Nalangu akabaki peke yake kwenye majani, na pale ndipo alipofungua kinywa. Supeet akageuza maneno yake kwa sauti ndogo.

"Anasema yeye hajauza kitu. Anasema siku ya chanjo mtu mmoja aling'oa nywele za mkia wa dume lake. Alimuuliza kwa nini. Mtu huyo akasema anatafuta kupe." Supeet akamgeukia Adrian. "Anasema mtu huyo ni wewe, daktari."

Adrian akasema swali hilo litajibiwa kiofisi. Akasema kuwa hakuna ng'ombe yeyote aliyebadilishwa popote, kwamba picha ni mfano tu. Lakini nani anasikiliza neno "mfano" wakati sikio la ng'ombe wake limeanikwa ukutani? Lukresia alimshika mkono wa shati akamvuta mpaka nyuma ya gari.

"Ulichukua?"

"Nywele tu, dada. Zenye mizizi. Kwenye mzizi ndipo maandishi yalipo. Nilishasikia kwamba ndama wa dume huyo hawafi, ningefanyaje?"

"Ungeomba."

"Nimwombe kwa maneno gani? Ningeanzia wapi kumweleza?"

"Leo umekuja na kitambaa cha ukuta mzima kuwaeleza. Siku ile ulishindwa kumweleza mtu mmoja?" Akamwachia mkono wa shati. "Na mimi ukanipa huyo dume nimchore kama mtu anayempa mwenzake shati la wizi alivae sokoni! Nenda ukaseme."

"Nikisema hapa, mradi umekufa. Miaka yote hii, Lukresia. Fikiria ni ndama wangapi."

"Na usiposema, yule mama amekufa leo, tena mbele ya macho yako."

Adrian akageuza uso akatazama milima. Lukresia akamwacha hapohapo. Alirudi mbele ya turubai, akasimama mbele ya watu wasiomtaka, kitu alichokizoea.

"Mimi ndiye niliyechora," akasema. "Supeet, tafsiri."

Supeet akasita.

"Tafsiri, mwalimu! Mimi ndiye niliyechora. Dume hili halijafunguliwa ubavu na mtu. Ubavu nimeufungua mimi kwa brashi. Sikumjua mwenyewe na sikuuliza. Huyu mama hakuuza kitu. Daktari alichukua nywele bila kumwambia kweli, amekiri kwangu sasa hivi nyuma ya lile gari. Ndama wake wanapona kwa sababu walizaliwa hivyo, ndiyo maana hawa walimfuata. Aliyeibiwa ni yeye, na ninyi mnamfukuza yeye."

Kama alitegemea maneno hayo yatulize watu, hakuwajua watu. Vijana walilizunguka gari la mradi wakalipiga mabati kwa fimbo. Mepukori akasema mwizi na mpokeaji hulindana siku zote, na kwamba mwanamke wa Karatu amelipwa kuja kumtetea mwanamke wa Arash. Wazee wakajaribu kuwatuliza. Katikati ya vurugu hiyo Nalangu aliinuka, akaja mpaka pale aliposimama Lukresia. Lukresia akafungua mikono kidogo. Alidhani anakuja kushukuru, na baadaye alijidharau kwa kudhani hivyo.

Nalangu akampita. Akachomoa kisu kidogo kiunoni, akaushika ukingo wa turubai kwa mkono wa kushoto na kulikata lile sikio. Alikata polepole, kwa kulizunguka, kama anayechuna ngozi asiyotaka kuitoboa. Akalikunja, akalitia kwenye shuka lake.

"Umechora vizuri," alimwambia Lukresia kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Vizuri sana. Ungekuwa fundi mbaya, leo mimi ningekuwa na majirani."

Wakarudi Karatu. Karibu na geti Adrian alisema, "Umeniua." Lukresia akamjibu kwamba kwa maiti anaongea sana.

Habari zilizofuata alizipata kwa Supeet, aliyefika mjini mara kwa mara kufuata vitabu vya shule. Kikao cha ukoo kilikuwa kimekaa. Mepukori alitaka dume auzwe na kundi lote la Nalangu liwe chini ya usimamizi wake, kwa usalama wa damu ya ukoo, na wapo waliomuunga mkono waliokuwa wakilitamani kundi hilo kabla hata ya picha. Nalangu akakataa. Alfajiri moja akaswaga ng'ombe wake kwenda kwa kaka zake, Enguserosambu.

Lukresia akamfuata huko. Alipanda gari la mnada, akalala kwa watu, akafika kwenye boma jua likiwa limeshapanda. Nalangu alimkuta kwenye mlango wa miiba na hakuusogeza mwiba hata mmoja.

"Takwenya, Nalangu," Lukresia akasalimia.

"Iko," Nalangu akaitikia kwa Kimaa. "Umeleta rangi?"

"Sijaleta kitu. Nimekuja kukuuliza unataka nini, nami nikakiseme huko kwao. Mimi wananisikia, hata kama hawanipendi."

"Nilikupa mdomo wangu lini?"

Lukresia akanyamaza. Watu wa Karatu wangelipa kiingilio waone hilo.

"Ulichukua sikio kwa brashi," Nalangu akaendelea. "Yule akachukua nywele. Mepukori anataka kundi. Sasa wewe umerudi kuchukua maneno. Kama kuna mkutano, niambie ni wapi na lini. Nitakwenda na mdomo wangu mwenyewe."

Na kweli alikwenda. Ofisi kubwa ya mradi, baada ya kupigiwa kelele kutoka pande nyingi, ilikubali kuitisha mjadala mwingine Karatu ili Nalangu apewe jibu mbele ya watu. Ukumbi ulikuwa uleule, na wakulima walewale, safari hii wakiwa wamekasirika kwa niaba ya mtu ambaye wengi wao wasingewaruhusu ng'ombe wake kupita shambani mwao. Adrian aliletwa. Alikuwa amekonda. Alisimama, akasema alichokifanya bila kupunguza, akaomba radhi, kisha akatoa bahasha ndogo.

"Nywele zako hizi hapa, mama. Tunazirudisha."

Nalangu akaipokea, akaipima mkononi.

"Maandishi mliyoyatafuta yamo humu?"

"Yamo."

"Mliyasoma?"

"Tuliyasoma."

"Basi nirudishieni na mliyoyasoma."

"Hayo..." Adrian alitazama wakubwa wake waliokaa kwenye viti vya mbele. Hakuna aliyemsaidia. "Nywele zinaweza kurudi, mama. Kilichosomwa hakirudi. Kimeshawekwa kwenye mashine, na wenzetu wa ng'ambo wanacho."

"Kwa nini basi mnaita kurudisha?"

Mmoja wa wakubwa akasimama akaanza kusema juu ya mkataba wa hapo baadaye, na jinsi faida itakavyogawanywa kijijini ndama wa kwanza wakizaliwa. Nalangu alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Halafu akasema hapana. Hawapewi dume, hawapewi mbegu za dume, hawapewi picha. Kama ndigana itamaliza ng'ombe wa nchi nzima huku wake wakibaki, watu waje nyumbani kwake waombe mtamba, kama watu wanavyoombana. Wapo waliopiga makofi. Mzee yule aliyemjibu mwalimu wa dini juu ya chanjo alipiga fimbo sakafuni akapaza sauti kwamba huo ni uchoyo, kwamba ndama wake yeye wanakufa sasa hivi wala hana njia ya kwenda Enguserosambu kuomba mtu. Wakaanza kuzomeana, na mkutano ukaishia hapo.

Nje, Lukresia alimngoja Nalangu kwenye ngazi. Alitaka kumwambia kwamba amesema vizuri, na pia kwamba mzee yule alikuwa na neno, na kwamba yeye mwenyewe hajui amuunge mkono nani. Hakupata nafasi.

"Nikupeleke stendi," akasema.

"Najua njia."

Akaenda, bahasha mkononi, bila kugeuka. Lukresia hakuumia kama alivyotegemea. Aliona kwamba mtu yule alikuwa na haki ya kutomsamehe, na kwamba haki hiyo angalau hakuna aliyeweza kumng'olea.

Mradi ulihamia mkoa mwingine. Adrian naye alihama nao, na husemwa kwamba siku hizi huomba ruhusa mara mbilimbili mpaka wenzake wanamcheka. Lukresia yuko palepale nyuma ya stendi. Kazi zilipungua, kisha zikarudi kidogokidogo, maana mafundi wengine herufi zao zinapinda. Mdomo haukupungua. Kilichobadilika ni kimoja tu: ukimletea picha ya mnyama akuchoree, atakuuliza ni wa nani na kama mwenyewe anajua. Mwezi uliopita Valeriani, mwenye bucha mpya, alimletea picha ya fahali aliyoitoa kwenye simu. Akamuuliza swali lake. Valeriani akacheka mpaka akashika tumbo.

"Fundi, ng'ombe wa kwenye simu ana mwenyewe?"

"Nenda kamtafute kwanza."

Valeriani akaenda kwa fundi mwingine.